Tangi linalokoroma usiku

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina tangi la samaki sebuleni, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50. Nafuga mbuna wa Ziwa Nyasa. Fundi wa vioo alinijengea kisanduku kwenye pembe, juu kina meno ya kupitishia maji, chini kina matundu mawili. Tundu la inchi moja linashusha maji hadi tangi dogo lililo kabatini, na la robo tatu ndilo linapita bomba la pampu kuyarudisha juu. Samaki wazima, maji masafi. Shida ni kelele. Bomba linagugumia, linanyamaza, kisha linafyonza kama mtu anayemalizia uji kikombeni. Mama mkwe alitutembelea kutoka Singida, na siku tatu mfululizo aliamka usiku kwenda bafuni kufunga bomba ambalo halikuwa wazi. Rafiki yangu ananiambia nitie koki kwenye bomba la kushusha, niibane mpaka kelele ife. Nifanye hivyo?
Asiyelala, Ilala

JIBU: Marahaba mwanangu, na umpe pole mama mkwe. Rafiki yako amekupa nusu ya dawa, na ukiinywa hiyo nusu peke yake utaamka zulia linaelea.

Kelele yako ni hewa. Maji yakiingia kwenye bomba lililo wazi huburuta hewa pembeni. Bomba likikaribia kujaa linapata mvuto, linafyonza kisanduku kwa haraka, maji yanashuka chini ya mdomo wa bomba, hewa inaingia, mvuto unakatika. Halafu maji yanapanda na mchezo unaanza upya. Huo ndio uji unaousikia. Sasa kumbuka unavyonyonya mafuta kwenye pipa kwa mpira: mpira ukishajaa, mafuta yanashuka bila sauti yoyote. Bomba la tangi nalo ni hivyo hivyo. Likijaa maji matupu halisemi kitu, na hubeba maji mengi kuliko lilipokuwa limechanganya na hewa.

Koki inafanya kazi hiyo ya kulijaza, hapo rafiki yako yuko sahihi. Lakini ukishaibana ili maji yanayoshuka yalingane na yanayopanda, hujaacha nafasi ya kosa. Mimi nilifanya hivyo kwenye tangi langu la kwanza, fundi bomba mzima mwenye miaka kumi kazini. Lilinyamaza kabisa, nikajisifu mbele ya wageni. Wiki ya pili konokono mmoja, hazidi punje ya mahindi, akaingia bombani akakaa kwenye koki. Pampu haina macho, iliendelea kupandisha. Saa kumi alfajiri nilikuwa nimepiga magoti sebuleni na taulo za harusi yetu, mke wangu amesimama mlangoni hasemi neno.

Kwa hiyo unahitaji mabomba mawili ya kushusha: moja la mvuto lenye koki, na la pili la dharura lisilo na koki wala kizuizi chochote. Bahati yako matundu unayo. Bomba la pampu litoe kwenye kisanduku, lipandishe nyuma ya tangi na kulipindisha kwa elbo juu ya ukingo. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulifanya kinyume: tundu dogo la robo tatu lipe mvuto, la inchi moja liwe la dharura. Lenye koki tunalibana hata hivyo, ukubwa wa nini? Lile la dharura ndilo siku moja litabeba mzigo wote peke yake.

Ndani ya kisanduku, mdomo wa bomba la dharura uwe sentimita 3 hivi chini ya meno. Mdomo wa bomba la mvuto uwe chini zaidi, sentimita 12 hadi 15 chini ya ule wa dharura, na uvalishwe kichujio cha plastiki chenye matundu, asije konokono akaingia kama yule wangu. Mabomba haya ya ndani usiyatie gundi. Yasukume tu kwenye soketi yakaze, ili siku ya kusafisha uyang'oe. Gundi ni ya viungo vya nje, na baada ya kuunga vipe siku nzima vikauke kabla hujatia maji.

Koki nunua geti valvu, ile ya kuzungusha gurudumu. Koki ya mpini inaruka: ukigusa kidogo imebana mno, ukirudisha imefunguka mno. Ifunge chini, karibu na tangi la kabatini, mahali mkono unafika. Ncha ya bomba la mvuto izame sentimita 2 au 3 tu kwenye maji ya chini. Ukiizamisha sana, pampu inapoanza hewa iliyomo bombani inakosa pa kutokea. Ncha ya dharura iache juu ya maji. Siku ikianza kumwaga utasikia, na hapo nataka usikie.

Washa pampu koki ikiwa wazi, kisha ibane robo mzunguko kwa robo mzunguko, ukisubiri dakika chache kila mara. Maji ya kisanduku yatapanda taratibu. Yaache yasimame karibu na mdomo wa dharura, hata yakichuruzika humo kidogo si neno. Yakibaki chini sana, yale yanayotoka kwenye meno yataanguka kwa kishindo na utakuwa umebadilisha kelele kwa kelele. Ukitaka kujua pampu inapandisha kiasi gani hasa, elekeza bomba lake kwenye ndoo ya lita 10. Ikijaa kwa sekunde 20, hiyo ni lita 1,800 kwa saa. Usisome la kwenye boksi, lile halikuhesabu kimo cha kupandisha.

Kabla hujalala, majaribio mawili. Funga koki kabisa pampu ikiwa inafanya kazi, ukae hapo robo saa. Bomba la dharura likibeba maji yote bila tangi kufurika, vizuri. Kisha chomoa pampu, kwa sababu umeme utakatika tu. Maji ya juu yatashuka hadi usawa wa meno, na kila sentimita moja ya tangi lako ni karibu lita 5 na nusu. Ikishuka 4, ni lita 22 zinazotafuta nafasi kabatini, pamoja na za kisanduku na mabomba. Na ile ncha ya bomba la pampu uliyoipitisha ukingoni ukiizamisha sentimita 10, itageuka kuwa mpira wa kunyonya na kukushushia lita 54. Izame kidogo tu chini ya uso wa maji.

Umeme ukirudi utasikia bomba la dharura likipiga kelele kwa muda mfupi, mpaka la mvuto limalize hewa. Mwambie mama mkwe mapema.

SWALI: Tangi langu ni la maji ya bahari. Hiyo geti valvu naweza kuchukua ile ya shaba inayouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Chumvi itaila, na shaba ikiingia majini inaua kamba, konokono na matumbawe hata kwa kiasi kidogo. Tafuta ya plastiki, hata ukizunguka maduka kumi.