Kabla hujashuka chini ya Second Avenue

Mdogo wangu, hongera kwa kupata kazi. Najua hamu yako ni kuiona ile mashine ya kuchimba handaki, na utaiona. Ila nikwambie mapema: kwenye awamu ya kwanza ya reli hii ya chini ya ardhi, jijini New York, mashine ilianza kukata mwamba Mei 2010, na Septemba 2011 ilikuwa imeshamaliza mahandaki yote mawili. Abiria wa kwanza wakapanda treni tarehe 1 Januari 2017. Piga hesabu mwenyewe. Miaka iliyobaki hapo katikati ndiyo kazi yako.

Ujue pia unabisha hodi kwa watu gani. Reli hii ya upande wa mashariki wa Manhattan ilianza kuzungumzwa miaka ya 1920. Mdororo wa uchumi ukaizima. Reli za juu ya nguzo za Second na Third Avenue zikaondolewa, ya mwisho ikasimama 1955, na watu wote wakabaki kubanana kwenye ile ya chini ya ardhi ya Lexington, barabara ya jirani. Mwaka 1951 wapiga kura waliridhia mkopo wa dola milioni 500, fedha zikaishia kukarabati njia za zamani. Mwaka 1972 Gavana Rockefeller na Meya Lindsay wakaja kuzindua uchimbaji pale barabara ya 103. Vikachimbwa vipande vichache, jiji likakaribia kufilisika 1975, vipande vikafunikwa. Kwa hiyo mzee akikuuliza hii ni mara ya ngapi, hakutanii.

Na usimpe mtu tarehe. Mimi nilimpa mwenye duka la viatu tarehe ambayo uzio ungeondolewa mlangoni kwake, kwa kuwa ndiyo niliyoambiwa ofisini. Ikapita. Ikaja nyingine, nayo ikapita. Tangu hapo hakuniita tena kwa jina, nikipita tu, "Habari za leo, Bwana Machi Kumi na Tano?" Alinisalimu hivyo mpaka alipofunga duka.

Sasa mabomba. Chini ya lami ile kuna maji safi, maji taka, gesi, umeme, nyaya za simu na mvuke wa kupashia majengo joto, vyote vimepishana kama waya za jiko la bibi, vingine vina zaidi ya miaka mia. Hata awamu ya pili, inayokwenda mpaka barabara ya 125, mkataba wake wa kwanza mwaka 2024 haukuwa wa kuchimba handaki. Ulikuwa wa kuhamisha mabomba na nyaya. Mchoro ukikwambia bomba liko futi nne chini, uchukulie kama umbea mpaka ulione kwa macho. (Ndiyo, futi na inchi. Mita utaziacha nyumbani.)

Mashimo ya kupeleleza tulichimba kwa mkono. Mzee mmoja wa Grenada, mwanachama wa chama cha wachimba mahandaki, Local 147, alinifundisha kusikiliza koleo. Kwenye kifusi linakwaruza. Likifika kwenye mchanga uliotandikwa kuzunguka bomba, linaingia bila sauti. "Likinyamaza, na wewe simama," alisema. Siku mbili baadaye likanyamaza futi mbili juu ya pale mchoro uliposema. Tukafagia mchanga kwa brashi ya kupakia rangi, na bomba jingine la chuma likachomoza, lina kutu, halimo kwenye karatasi yoyote tuliyokuwa nayo.

Kazi yangu hasa ilikuwa kufuatilia nyufa na mitetemo. Usiidharau ukipangiwa. Majengo mengi pale ni ya matofali, ya zamani, na Juni 2009, kabla mashine haijashushwa, wapangaji wa majengo mawili walihamishwa kwa sababu majengo yenyewe hayakuwa salama. Jambo la kwanza piga picha kila ukuta kabla kazi haijaanza, na rula iwe ndani ya picha. Kuna mama mmoja, ghorofa ya tatu, alikuwa ametutangulia: kila ufa wa chumbani kwake alikuwa ameuwekea alama ya penseli kwenye ncha na tarehe pembeni. Alama ya kwanza ilikuwa na miaka kumi kabla ya sisi. Daftari letu lenye nembo ya kampuni halikuwa safi kama ukuta ule, na nilipoomba kunakili tarehe zake alinikaribisha chai kwanza.

Kosa langu nalo nilisema. Usiku mmoja wa mvua nilivivia kushuka kwenye kipimo cha mwisho, nikaandika namba ya jana. Kesho yake mwenzangu alipima kweli, na mabadiliko ya siku mbili yakaonekana kama ya usiku mmoja. Kazi ilisimamishwa, wahandisi wakaamshwa saa nane. Jengo halikuwa na tatizo lolote. Tatizo lilikuwa mimi, na nilisema hivyo mbele yao wote, maana ningenyamaza wangeendelea kutafuta ugonjwa kwenye ukuta mzima.

Ardhi nayo haifanani. Kusini ni mwamba wa kulipua. Karibu na barabara ya 92 udongo ukalainika hadi ikabidi ugandishwe, yaani mabomba yakashushwa ndani yake na kupitishiwa maji ya chumvi baridi kali, ndipo mashine ikapita. Na baruti haina mazoea na mtu: Agosti 2012, barabara ya 72, mlipuko mmoja wa chini ulitokeza juu mtaani mpaka vioo vya majirani vikavunjika.

Mwisho, buti. Nunua zako mwenyewe, usingoje za stoo, na zipande juu ya kifundo. Machi 2013 mwenzetu alinasa kwenye tope karibu na barabara ya 95, zimamoto wakahangaika saa kadhaa kumtoa. Chukua namba moja zaidi ili soksi mbili ziingie, lakini ya pili uivue ukishafika chini. Januari juu kunaganda, kule chini utatoka jasho.