Ni mlipuko au ongezeko tu?

Msomaji mmoja anayeandika ripoti za magonjwa za kila wiki kaniuliza: "Programu yetu ikitoa alama nyekundu mimi naandika 'kuna mlipuko', bosi anafuta anaweka 'ongezeko'. Nani yuko sahihi? Na 'mkurupuko' je?"

Samahani ndugu yangu, bosi yuko sahihi.

Tuseme wiki tano zilizopita mlipata wagonjwa 8, 10, 12, 9 na 11. Wastani ni 10, halafu programu inaangalia hizo namba huwa zinapanda na kushuka kiasi gani, inachukua hicho kiasi mara mbili, inajumlisha na wastani, inapata kama 13, hicho ndo kizingiti. Wiki hii wamekuja 14. Kizingiti kimevukwa, sawa, ila kompyuta haijui kama kuna zahanati ilichelewesha ripoti ikatuma za wiki mbili kwa mpigo, au mgonjwa mmoja kaandikwa mara mbili. Kwa hiyo ilichotoa ni ishara, na wewe andika "ongezeko lisilo la kawaida". Neno mlipuko lisubiri watu waende wakahakiki.

Wala sio lazima wagonjwa wawe wengi ndo uite mlipuko. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980, idadi ya wagonjwa inayotarajiwa ni sifuri, akithibitika mmoja tu huo ni mlipuko, nani atabisha?

Mkurupuko nao ni sahihi. Kukurupuka ni vile kwale anavyochomoka kichakani hujakaa sawa. Mimi nalipenda kuliko mlipuko, maana ukisoma "mlipuko mjini" unaanza kuwaza bomu, ila chagua moja, ukichanganya kwenye ripoti moja watu watadhani ni vitu viwili.

Tatizo yote mawili yana ughafla ndani yake, na kuna ugonjwa unaonyata: 12, 12, 13, 12, hakuna wiki iliyovuka kizingiti lakini zote ziko juu ya wastani. Hiyo inanaswa na jumla limbikizi, njia aliyoitoa mwanatakwimu E. S. Page mwaka 1954 kwa kukagua ubora wa bidhaa viwandani, inabeba ziada ya kila wiki inaipeleka wiki inayofuata mpaka rundo lionekane. Hapo ningeandika "ugonjwa unapanda taratibu", hakuna kilicholipuka wala kukurupuka.

Na tafadhali, "mlipuko umelipuka" hapana. Ugonjwa ndo unalipuka, mlipuko unatokea.