Maswali ya Wasomaji: Je, mwanamke anyamaze kanisani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Ninaongoza jumuiya ya nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu. Mwinjilisti aliposafiri nilipangiwa kutoa neno katika ibada ya Jumapili, lakini mzee mmoja wa kanisa alipinga mbele ya baraza, akisoma 1 Wakorintho 14:34, kwamba wanawake wanyamaze katika kanisa. Nafasi yangu akapewa kijana wa kwaya. Je, ni kweli Biblia inanifunga mdomo? – Mama Msharika, Iringa

JIBU: Amina, mama. Aya aliyoisoma mzee wenu imo katika Biblia, na si busara kuipita kana kwamba haipo. Kinachonisumbua ni kwamba aliisoma peke yake. Katika sura ya 11, aya ya 5, Paulo anaeleza kwamba mwanamke anaposali au kuhutubu afunike kichwa, na sioni kwa nini mtu aweke utaratibu wa mavazi kwa kazi anayoikataza. Hata ndani ya sura ya 14 wanaoambiwa wanyamaze ni watu wa aina tatu: anenaye kwa lugha pasipo mfasiri, nabii ambaye mwenzake amefunuliwa neno, na wanawake, ambao wanaelekezwa kuwauliza waume zao nyumbani wakitaka kujifunza jambo. Shabaha ya sura nzima ni utaratibu wa ibada, kama aya ya 40 inavyohitimisha. Nami sijapata kusikia mwanamume akinyimwa mimbari maisha yake yote kwa sababu ya aya ya 30, inayomnyamazisha nabii.

Huenda mzee akakujibu kwa 1 Timotheo 2:12, kwamba mwanamke asifundishe wala kumtawala mwanamume, andiko gumu zaidi, ambalo makanisa yanalielewa kwa namna tofauti. Nalo lisomwe pamoja na habari za Prisila, ambaye yeye na mumewe Akila walimchukua Apolo, mtu hodari katika Maandiko, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26).

Ningependa, hata hivyo, ukae zaidi na Hulda, nabii mwanamke wa siku za Yosia mfalme wa Yuda, ambaye hatumsikii mara nyingi mimbarini. Katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake Yosia, Hekalu likiwa linatengenezwa, kuhani mkuu Hilkia alikiona kitabu cha torati. Shafani mwandishi akakisoma mbele ya mfalme, naye mfalme akararua mavazi yake, akatuma watu watano wakamwulize Bwana juu ya maneno ya kitabu hicho. Yeremia alikuwa ameanza kutabiri tangu mwaka wa 13 wa mfalme huyohuyo, lakini wajumbe hao, kuhani mkuu akiwamo, walikwenda kwa Hulda, mke wa Shalumu mtunza mavazi, aliyekaa katika mtaa wa pili wa Yerusalemu (2 Wafalme 22:14). Hulda hakuomba radhi kwa kusema. Alinena kwa jina la Bwana, Mungu wa Israeli, akamtaja mfalme kama mtu tu aliyewatuma, akathibitisha kwamba yaliyoandikwa yatatimia, kisha akampa Yosia faraja kwa kuwa moyo wake ulikuwa laini. Agano, kubomolewa kwa mahali pa juu palipoabudiwa miungu na Pasaka ya sura ya 23, vyote vilifuata jibu lake. Torati ilipohitaji mtu wa kuithibitisha, aliyeithibitisha alikuwa mwanamke.

Sasa tuje kwenye shauri lako. Hukutaja dhehebu lako, na jambo hilo lina uzito. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Kanisa la Anglikana la Kenya lilimweka wakfu Rose Okeno kuwa Askofu wa Butere mwaka 2021. Yako makanisa mengine ambayo bado hayampi mwanamke mimbari. Ikiwa lenu linaruhusu, mzee wako anapingana na utaratibu wa kanisa lake, wala si na wewe. Mwombe mchungaji aliweke suala hilo katika ajenda ya baraza la wazee, na sura ya 11 na ya 14 zisomwe zote mbili, kwa sauti, kabla ya mtu yeyote kuchangia. Usianzie kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, maana huko hoja hugeuka ugomvi kabla ya jioni. Na ukipangiwa tena, andaa neno lako mapema. 2 Wafalme 22 inatosha kabisa kwa mahubiri ya dakika 20.