Saratani ya figo: umri wa mzee si hukumu

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 79. Alipopigwa picha ya CT kwa maumivu ya tumbo, ukaonekana uvimbe wa sentimita 2.8 kwenye figo ya kushoto. Daktari wake anasema tusikimbilie upasuaji, tuufuatilie kwa picha. Ndugu zangu wanadai ameachwa kwa sababu ni mzee. Ni kweli? Na mimi mwenye miaka 41, nikapimwe?

JIBU: Marahaba. Hajaachwa. Uvimbe wa figo usiozidi sentimita 4 kwa kawaida hukua taratibu, wastani wa milimita 3 hivi kwa mwaka, na karibu mmoja kati ya mitano hukutwa si saratani. Hatari ya kusambaa katika miaka michache ya kwanza ni ndogo. Kwa mzee mwenye maradhi ya moyo au mapafu, upasuaji wenyewe unaweza kumdhuru haraka kuliko uvimbe huo.

Ila kufuatilia ni kazi. Mwanzoni picha hupigwa kila baada ya miezi 3 hadi 6, kisha nafasi huongezwa uvimbe ukitulia. Ukikua zaidi ya milimita 5 kwa mwaka, ukifika sentimita 4, au baba akianza kukojoa damu, uamuzi ujadiliwe upya: kuuchoma au kuugandisha kwa sindano, au kuukata na kubakiza figo. Msipoweza kuhudhuria miadi, mwambieni daktari mapema, maana mpango huu bila picha ni hatari.

Ni kweli kwamba kwa wastani wazee hupata matokeo mabaya kuliko vijana. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na maradhi mengine na figo zilizokwisha kuchoka. Baada ya miaka 40 uwezo wa kuchuja damu hupungua kwa takriban mililita 1 kwa dakika kila mwaka, hivyo kuondoa figo nzima humsogeza mzee karibu na kushindwa kwa figo. Hapa kuna mtego: mzee aliyekonda misuli anaweza kuwa na kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu) inayoonekana nzuri ilhali figo ni dhaifu. Ulizeni kiwango cha uchujaji, na kama amekonda sana, kipimo cha sistatini C, cha damu pia lakini kisichotegemea sana misuli.

Daktari aelezwe pia kama baba anavaa na kuoga mwenyewe, kama ameanguka karibuni, na kama amepungua uzito. Majibu hayo yana uzito kuliko tarehe ya kuzaliwa. Hata saratani ikishasambaa, alama sita zinazotumiwa sana kukadiria hatari ni nguvu za mgonjwa, muda tangu kugundulika hadi kuanza dawa, himoglobini, kalsiamu, neutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda). Umri haumo. Dawa za kuamsha kinga hazizuiliwi kwa sababu ya uzee tu. Vidonge vinavyozuia mishipa ya damu ya uvimbe ndivyo vinavyotaka uangalifu: hupandisha presha, huharisha na huchosha, na mzee huishiwa maji upesi.

Kwako wewe, uvimbe mmoja wa baba mwenye miaka 79 hauashirii ugonjwa wa kurithi. Ushauri wa vinasaba hutafutwa pale mgonjwa anapogundulika akiwa na miaka 46 au chini, figo zote mbili zikiwa na uvimbe, au jamaa kadhaa wakiwa wameugua. Pima presha na uache sigara kama unavuta. Ukikojoa damu, hata mara moja na bila maumivu, nenda ukapimwe.