Plagi inachemka, breka inajikata: maswali ya wanaochaji gari nyumbani

Tangu niseme kwamba siku hizi nafunga na chaja za magari ya umeme, maswali hayakatiki. Mengi yanafanana, kwa hiyo nimechagua haya. Najibu kama fundi umeme wa majumbani. Kuhusu gari lenyewe, muulizeni fundi wa magari.

Shikamoo fundi. Nimeagiza Nissan Leaf kutoka Japani, imekuja na waya wake wa kuchajia. Fundi wa mtaani akakata plagi ya Kijapani, akafunga ya pini tatu. Gari linajaa vizuri, ila asubuhi nikienda kuchomoa, plagi ni ya moto hata siwezi kuishika. Ndivyo ilivyo? (Mbezi Beach)

Marahaba. Sivyo ilivyo, na leo usiku usichaji.

Chukua kile kisanduku kilicho kwenye waya, kigeuze, soma kibandiko. Nyaya nyingi za Leaf zinazotoka Japani zimeandikwa volti 200, ampea 15. Maana yake waya unaliruhusu gari kuvuta hadi ampea 15, na gari linatii. Plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni 13, na hizo 13 zenyewe si za kuvutwa kwa muda wa saa nane bila kupumua. Birika la umeme linavuta kama ampea 9, lakini dakika nne tu, maji yamechemka, soketi imepumzika. Gari halina mapumziko.

Utaniuliza, mbona fyuzi haikatiki? Fyuzi ya 13 haikatiki kwa 15. Imetengenezwa kuvumilia hata ampea 20 kwa nusu saa, kwa hiyo kwa 15 itakaa kimya mpaka alfajiri huku plagi inaiva.

Nilishaitwa kwenye nyumba yenye kisa kama chako. Soketi ilikuwa nyeupe, lakini kuzunguka tundu la kulia, lile la laini, yaani linaloleta umeme, plastiki ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Upande wa pili safi kabisa. Nilizima meni swichi, nikafungua. Skrubu ya laini ilizunguka mzunguko mmoja na nusu kabla ya kukaza. Ganda la waya lilikuwa limejikunja kama ngozi ya nyanya iliyochomwa, na shaba ndani imekuwa nyeusi. Mwenye nyumba alikuwa na hakika gari ndilo bovu.

Kiungo kilicholegea kinakuwa na ukinzani, yaani kinaupinga umeme usipite kirahisi. Hata ukiwa wa ohm 0.1 tu, ampea 15 zikipita hapo zinaacha joto la wati 22 hivi, karibu sawa na kile kifaa cha mafundi redio cha kuyeyushia risasi. Sasa kiweke kifaa hicho ndani ya soketi yako usiku kucha. Kwa chaja kubwa ya ampea 32, kiungo hichohicho kinatoa zaidi ya wati 100, kwa sababu ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne.

Nunua waya uliotengenezwa kwa volti 230, wenye plagi ya pini tatu iliyotoka nayo kiwandani. Nyingi za aina hiyo zimewekewa mwisho wa ampea 10, yaani kilowati 2.3. Betri ya Leaf ya mwanzo ni uniti 24, kwa hiyo kujaza kutoka sifuri ni zaidi ya saa kumi, lakini nani anafika nyumbani na sifuri kila siku? Badilisha soketi hiyo, maana ikishaungua ndani hairudi. Mpya ivutiwe njia yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, isichangie na jiko wala friji. Kisha usiku wa kwanza, baada ya saa moja, iguse. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuishikilia mpaka uhesabu tano, zima.

Gari linalala nje ya ukuta. Natumia ekstensheni ya kuvingirisha, naikunjua nusu kufika getini. Kuna ubaya? (Kimara)

Kuna ubaya, na uko kwenye ile nusu uliyoiacha imevingirishwa. Joto la zile raundi halina pa kutokea, linajilimbikiza katikati mpaka maganda ya nyaya yanashikana. Soma ubavuni mwake, utakuta namba mbili: moja ya ikiwa imekunjuliwa yote, nyingine ndogo zaidi ya ikiwa imevingirishwa. Ila kwa gari sikushauri hata ukiikunjua yote. Vuta waya chini ya ardhi ndani ya bomba hadi getini, weka soketi ya nje yenye mfuniko.

Hujambo fundi. Nina chaja ya ukutani ya ampea 32. Mvua ikinyesha usiku, RCD inajikata na nyumba nzima inakuwa giza. Jirani amenishauri niiruke hiyo RCD, ati chaja ina ulinzi wake ndani. (Nyali, Mombasa)

Sijambo. Jirani mwambie ahsante, ila usimfuate.

RCD ni swichi inayokata umeme ukivuja. Inajikata kwa sababu kuna umeme unaotoka bila kurudi kwa njia yake. Hiyo ya miliampea 30 imewekwa ili umeme huo usije ukapita kwenye mwili wa mtoto wako. Ikijikata kwenye mvua, inakupa taarifa kwamba maji yameingia mahali.

Tafuta hivi. Chomoa gari, washa chaja peke yake wakati wa mvua. Ikikata, maji yako kwenye chaja, kwenye waya unaoingia, au kwenye kichwa cha kuchomekea kilichoachwa kikitazama juu kama kikombe. Hilo la mwisho nimelikuta mara nyingi kuliko yote. Kining'inize kwenye kishikio chake, mdomo ukitazama chini. Isipokata bila gari, lipeleke gari likachajiwe kwingine. Huko nako ikikata, basi kasoro ni ya gari.

Kuna kosa jingine naliona kwenye swali lako: nyumba nzima kuwa giza. Inaonyesha mna RCD moja kwa kila kitu. Friji, mashine ya kufulia, pampu ya maji, kila kimoja kinavujisha kidogo, na chaja inaongezea juu yake. Chaja ipewe RCD yake. Na isiwe ile ya bei rahisi, aina AC, yenye alama ya wimbi moja tu usoni. Betri ya gari ni umeme wa moja kwa moja (DC), na umeme huo ukivuja unaweza kuipumbaza RCD ya aina hiyo ishindwe kukata siku ya shida. Chaja ikiwa na kihisi chake cha miliampea 6 cha umeme wa moja kwa moja, aina A inatosha. Ikiwa haina, tafuta aina B, ingawa bei yake itakuuma.

Kitufe cha T kilicho kwenye RCD kibonyeze mara moja kwa mwezi, gari likiwa limechomolewa. Lakini ujue kinachopimwa hapo ni ile swichi tu. T itakata vizuri hata kama waya wako wa ethi, ule unaokwenda ardhini, umekatika au haukuwahi kufungwa. Ethi inapimwa kwa mashine. Mwite fundi mwenye mashine hiyo, na usomaji wa fimbo ya ethi ukizidi ohm 200, aongeze fimbo nyingine. Ardhi ikikauka namba hupanda, kwa hiyo mwite kiangazi, si masika.

LUKU ikiisha katikati ya kuchaji, gari linaharibika? (Tabata)

Haliharibiki. Linasimama, na ukiingiza tokeni, magari mengi huendelea kuchaji yenyewe. Cha kuogopa ni umeme kukatika kisha kurudi na kishindo. Kile kifaa cha kulinda friji usikitumie kwa gari, hakina nguvu hiyo. Muombe fundi akuwekee kifaa cha kuzuia umeme unaorudi na kishindo (SPD) ndani ya boksi la breka, kitalinda na televisheni.

Mwanangu ni dereva wa bodaboda ya umeme. Usiku anatoa betri anaichaji sebuleni karibu na mlango, chaja yake imeharibika anatumia ya rafiki. Mimi naogopa. Nakuza mambo? (Kibaha)

Hukuzi, mama. Kati ya maswali yote ya leo, lako ndilo lililoninyima raha.

Betri ya lithiamu ikiharibika ndani inajipasha moto yenyewe, na ikishaanza huizuii kwa kuchomoa waya. Moshi wake ni sumu, na moto unakuja haraka. Karibu na mlango ndipo mahali pabaya kuliko pote, maana mkiamka usiku moto uko kati yenu na njia ya kutokea. Aihamishie kwenye baraza ya nje, juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia, kochi na dumu la petroli, pasiponyeshewa.

Chaja ya rafiki airudishe. Chaja mbili zinaweza kuwa na plagi inayoingia palepale lakini volti tofauti, na betri iliyopewa volti zaidi ya zake ndiyo hiyo ninayoisema. Akitoka kazini aiache ipoe nusu saa kwanza. Ikiwa imevimba, imeanguka, au ilizama kwenye maji ya mafuriko, isichajiwe tena.

Ikianza kutoa moshi au kuchemka kwa sauti, msiibebe kuikimbiza nje. Tokeni wote, fungeni mlango, pigeni 114 kuwaita Zimamoto.

Chaja ya ukutani inahitaji sevisi, au ukifunga umemaliza? (Tanga)

Inahitaji, ila si kubwa. Yangu mwenyewe niliifunga kwa mikono yangu, nikajisifu. Baada ya mwezi nikaifungua kwa udadisi tu, na skrubu ya nyutro ikakubali robo mzunguko. Nyuzi za shaba hujipanga upya zikipata joto na kupoa kila siku, na skrubu inabaki imeshika hewa. Kwa hiyo mwezi mmoja baada ya kufunga, kisha kila mwaka, fundi azime, afungue, akaze kwa kipimo alichoandika mtengenezaji. Awe na leseni ya EWURA. Ninyi wa Kenya, ulizeni ya EPRA.

Wewe mwenyewe usiifungue. Kazi yako ni macho na pua. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, usipige maji ya presha, usipake grisi wala mafuta kwenye pini za kichwa. Pini zikiwa na kijani au weusi, piga simu. Harufu ya samaki aliyeoza au plastiki iliyoungua, zima kwenye breka kwanza, ndipo upige simu.

Na hapo Tanga kuna chumvi ya bahari na kuna wadudu. Nimefungua chaja iliyokufa nikakuta mjusi amekauka katikati ya laini na nyutro, na mayai mawili pembeni. Alipitia tundu la waya ambalo fundi aliliacha wazi. Kwangu ni sisimizi. Tundu hilo lizibwe kwa glandi, yaani kizibo kinachobana waya, inayolingana na unene wa waya.

Huku kiangazi ni nyuzi 45. Chaja iko kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana, na inachaji polepole kuliko zamani. (Seeb, Muscat)

Inajilinda. Chaja nyingi zikipata joto kupita kiasi hupunguza ampea zenyewe, badala ya 32 inatoa 16. Iwekee kibanda kinachopitisha hewa, usiifunike ubavuni, na uchaji baada ya Isha. Kama hata usiku bado ni polepole, hilo si jua tena: mwite fundi akaangalie viungo.