Amplifaya ya kumbini ukiileta sebuleni: anza na feni, saketi ya sauti iache

Wakuu, ukitaka nguvu nyingi kwa hela kidogo sioni kinachoishinda amplifaya ya kumbini iliyotumika, ile nzito ya kufungwa kwenye raki. Watu wanaikwepa kwa sababu feni inapiga kelele na nyuma haina matundu ya RCA (yale ya duara ya redio za nyumbani), basi bei inashuka. Mimi nimeshazitengeneza kadhaa na ninayosikilizia sasa hivi ni mojawapo. Ila naona wengi wakishainunua tu wanakimbilia kubadilisha opampu (chipu ndogo za kukuza sauti) na kapasita za njia ya sauti, wakati sauti haikuwa na shida tangu mwanzo, shida ni feni na ile shiiii kwenye twita (spika ndogo ya sauti kali). Hayo mawili yakiisha, kazi kubwa imeisha.

Chagua yenye transfoma kubwa ya kawaida, ndo maana nimesema nzito. Zile nyepesi zenye pawa saplai ya kisasa ndani kuna volti zaidi ya 300 zimeunganika moja kwa moja na umeme wa ukutani, kama wewe si fundi wa hizo usizifungue.

Na hata hiyo ya transfoma ina hatari yake. Kapasita kubwa zinakaa na chaji hata ukishachomoa plagi, kutoka upande chanya mpaka hasi unaweza kukuta volti 150 na zaidi. Niliwahi kuona mtu anazishotisha kwa bisibisi, cheche iliyotoka ililamba ncha ya bisibisi na kuharibu bodi, tafadhali usifanye hivyo. Chukua rezista ya kilo-om 2.2 ya wati 10, ishike kwa koleo lenye mpira, iweke kwenye kapasita kama dakika 2, halafu pima kwa mita pande zote mbili ndo uguse.

Sasa feni. Hiyo feni imewekwa kwa ajili ya mtu anayepiga muziki kwa nguvu zote usiku mzima kwenye ukumbi wenye joto, ila nyumbani spika nyingi kwa wati 1 tu zinatoa sauti ya kutosha kabisa kusikiliza, kwa hiyo joto lako ni dogo mno ukilinganisha. Kwanza angalia feni yako ni ya volti ngapi na ni DC au AC, imeandikwa pale kwenye kibandiko. Nyingi ninazokutana nazo ni 24 DC, na feni tulivu nyingi ni 12, hivyo unaweka rezista kwa mfululizo, yaani umeme upite kwenye rezista ndo ufike kwenye feni. Hesabu yake ni rahisi: kama feni mpya inakula ampea 0.1, volti 12 zilizobaki gawanya kwa 0.1 unapata om 120, joto lake ni wati 1.2, weka ya wati 3 ikae kwa raha. Kama ni ya AC usijaribu kuunganisha ya DC pale pale, utaiunguza.

Kuna jambo watu hawaliangalii, feni tulivu zinasukuma hewa kwa ulegevu. Kama hitisinki yako (chuma cha kupoozea) ni ya aina ya handaki, yaani hewa inalazimishwa kupita katikati ya mapezi membamba, feni mpya inaweza kuzunguka vizuri tu na hewa isipite. Ziba mianya yote pembeni ya feni, hewa ielekee kule kule ilikokuwa inaelekea mwanzo, na toa vumbi lote maana vumbi pekee linaweza kuwa nusu ya tatizo. Halafu piga muziki saa nzima kwa sauti unayoizoea, chomoa plagi, toa chaji kama nilivyosema, gusa hitisinki, kama huwezi kuweka kidole kwa sekunde chache bila kukitoa basi imezidi, ongeza kasi ya feni. Na kama amplifaya ina saketi yake ya kupandisha kasi joto likipanda, iache ifanye kazi, mimi hiyo siiondoi kamwe.

Tuje kwenye shiiii. Zungusha nobu za mbele za amplifaya mpaka sauti izimike kabisa. Shii ikibaki, ni ya amplifaya yenyewe na mbinu hii haitakusaidia. Ikipotea, inatoka kwenye vifaa vinavyoiletea sauti, amplifaya inaikuza tu, maana geini (ukuzaji) ya desibeli 32 ni mara 40! Ndani ya plagi ya XLR (ile ya pini tatu) upande wa amplifaya weka rezista ya kilo-om 10 kwa mfululizo kwenye pini 2, na ya kilo-om 3.3 kutoka pini 2 kwenda pini 1, pini 3 iungane na pini 1. Hapo umepunguza desibeli 12 au zaidi kidogo. Unaweza kusema si ningepunguza tu kwa nobu, ni kweli, lakini nobu nyingi zikiwa chini kabisa kushoto na kulia hazilingani, muziki unahama katikati, na hilo linaniudhi kuliko shii yenyewe.

Ukisikia mvumo wa umeme usikate waya wa ethi (wa ardhini) kwenye plagi. Huo waya ndo unaokulinda chuma cha nje kikipata umeme. Tafuta kosa kwenye kebo.

Ukiwasha mara ya kwanza baada ya kufungua, pitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya waya, wati 60 mpaka 100, kwa mfululizo (ya LED haifai hapa). Iwake kwa nguvu mara moja halafu ififie. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu zima haraka, kuna shoti. Ikififia pima volti za DC kwenye matokeo ya spika, chini ya milivolti 50 ni salama, ndo sasa unganisha spika zako.