Kumpeleka mama Koblenz, Ujerumani, na kupanda meli ya mto Rhine kwa siku moja

Dada, nimekuelewa: mama anakuja kukutembelea Frankfurt, magoti yanamsumbua, nawe unataka aone Koblenz na kupanda meli siku hiyohiyo. Inawezekana, ila msizunguke na meli kutwa nzima.

Asubuhi pandeni treni hadi Bingen, kisha meli mkifuata mkondo hadi St. Goar. Kupanda mto meli hujikokota, kushuka ni haraka. Kipande hicho ndicho chenye uhondo: mashamba ya zabibu yaning'iniayo mlimani, ngome ya Pfalzgrafenstein katikati ya maji pale Kaub, halafu jabali la Loreley, mita 132 hivi, mto unapobanwa na kupinda. Mkae juu, lakini mama abebe mtandio mzito. Upepo wa mtoni hauna adabu hata Julai.

St. Goar chukueni treni hadi Koblenz. Hapo Deutsches Eck, ncha ya nchi kavu ambapo mto Mosel unaingia Rhine, ni tambarare. Ngome ya Ehrenbreitstein msiipande kwa miguu, kuna gari la kebo linalovuka mto.

Angalia mapema lifti za vituo vidogo, si vyote vinazo. Majira ya baridi meli ni chache mno, na maji yakijaa au kupungua sana ratiba huvurugika, kwa hiyo ulizia siku moja kabla.

Baada ya ndege, mguu mmoja ukivimba na kuuma, safari iahirishwe, aonwe na daktari siku hiyohiyo. Mpe shikamoo yangu.